Safari ya siku moja kwenda Bunkeya: tuwasimulie vijana hadithi nzima

Kiangazi kikianza, komite za vijana za parokia zetu hapa Likasi huanza kutafuta basi. Swali ni lile lile kila mwaka: tuwapeleke vijana wapi, tuondoke alfajiri na kurudi siku hiyo hiyo? Wengine huchagua Lubumbashi, kilomita 120 hivi kwa barabara ya lami. Wengine huenda Mulungwishi, kwenye misheni ya ndugu zetu Wamethodisti. Zote ni safari njema. Lakini kwa yule anayetaka vijana waelewe Katanga ilitoka wapi, na Injili iliingiaje humu, sisi tunashauri Bunkeya.

Bunkeya ya leo si mji mkubwa. Anayetazamia magorofa atarudi amevunjika moyo. Hata hivyo, miaka 140 iliyopita hapo ndipo palipokuwa moyo wa nchi hii: makao ya Mwami Msiri, soko la shaba na pembe za ndovu, na mahali ambapo mmisionari wa kwanza wa Kiprotestanti aliweka makazi yake katika Katanga. Hapo pia mfalme aliuawa kwa risasi mwaka 1891, na nchi ikapata wenyewe wapya.

Makala haya tunayaandika kwa ajili ya viongozi watakaosimama ndani ya basi na kueleza. Mafuta na chakula ni mambo yanayopangika. Maneno ndiyo magumu. Hadithi ya Bunkeya inaweza kuwajenga vijana, na inaweza pia kuwagombanisha, kwa sababu karibu kila mmoja wetu ameisikia nusu yake tu: nusu ya kabila lake, nusu ya kitabu cha shule, au nusu ya kanisa lake.

Kabla ya kuondoka

Kwenye ramani Bunkeya iko kaskazini mwa Likasi, na ukipiga mstari ulionyooka hazifiki kilomita 100. Lakini basi halipiti kwenye mstari. Lami huachwa nyuma, vumbi huanza, na dereva hupunguza mwendo. Kwa hiyo nendeni wakati wa kiangazi, kati ya Mei na Septemba, barabara ikiwa kavu. Wayeke humkumbuka Msiri kila tarehe 20 Desemba, na siku hiyo Bunkeya hujaa watu. Lakini Desemba ni mvua na matope, na anayetaka kuhudhuria sherehe hiyo apange kulala huko.

Ondokeni saa kumi na moja alfajiri. Tafuteni dereva aliyekwisha kuipita njia ile, si yule wa bei ya chini tu. Mkague magurudumu, la akiba likiwemo, na mhakikishe mafuta ya kurudi yapo tangu mwanzo. Msipakie watu kupita viti. Orodha ya majina ibaki nakala moja parokiani na nyingine kwa kiongozi wa safari; hesabuni watu kila basi linaposimama. Wamama wanaweza kuandaa chakula usiku: mikate, mayai, karanga, ndizi. Maji yawe mengi kuliko mnavyodhani. Tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, Bunkeya iko katika jimbo la Lualaba, teritori ya Lubudi, nasi tuko Haut-Katanga. Kiongozi awe na barua ya parokia yenye muhuri, inayosema sisi ni nani na tunakwenda kufanya nini, kwa ajili ya vizuizi vya barabarani.

Jambo moja msilisahau: mtumeni mtu au barua mapema kwa wazee wa Bunkeya. Pale ni nyumbani kwa watu, na Mwami angali na baraza lake. Mgeni anayeingia bila kubisha hodi hata akiimba nyimbo za Bwana ni mgeni mbaya.

Asubuhi njiani: mtu aliyetoka mashariki

Safari ya kwenda ni saa nzuri ya kusimulia habari za Msiri mwenyewe. Anzeni na jambo ambalo vijana wengi hawalijui: Msiri hakuzaliwa Katanga. Alitoka Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, kwa watu wa Kisumbwa. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyesafiri hadi huku kutafuta shaba. Mwana alifuata njia ya baba, na mnamo mwaka 1856 akafika na watu wake, waliojulikana kwa uwindaji wa ndovu. Ndio walioitwa Wayeke.

Walikuta nchi yenye wenyewe. Wasanga walikuwapo, Walamba walikuwapo, na wengine wengi, na ng'ambo ya Luapula alitawala Kazembe. Machifu wa hapa walijua kuchimba shaba na kuiyeyusha kuwa misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Wazungu walipokuja baadaye kutafuta madini, mara nyingi walifuata mashimo ya zamani ya wenyeji, pamoja na yale ya Kambove, jirani zetu.

Msiri alikuja na kitu ambacho machifu wale hawakuwa nacho: bunduki. Aliwasaidia wengine vitani dhidi ya maadui, akaoa katika koo zao, akapokea heshima, na kidogo kidogo msaidizi akawa bwana. Kufikia miaka ya 1880 ufalme wake, ulioitwa Garenganze, ulitawala sehemu kubwa ya Katanga. Misafara ya biashara ilitoka Bunkeya kwenda pande mbili: mashariki kupitia Unyamwezi hadi pwani ya Zanzibar, na magharibi kupitia Bihe hadi Benguela, Angola. Shaba, chumvi na pembe zilitoka. Nguo, baruti na bunduki ziliingia.

Na watu pia waliuzwa. Kiongozi asiruke hapo. Watumwa walifungwa na kupelekwa Bihe, wengi wao wanawake na watoto. Wageni waliofika Bunkeya waliandika pia juu ya mafuvu ya binadamu yaliyotundikwa kuzunguka makao ya mfalme. Hayo hayakuzushwa na adui mmoja, wengi waliyaona.

Lakini kiongozi asiishie hapo vilevile. Msiri alijenga dola mahali ambapo palikuwa na machifu wengi waliotawanyika. Aliweka wake zake na jamaa zake kuangalia majimbo, alilinda njia za biashara, na wazee husimulia kwamba Wayeke walileta ujuzi wa kuchanja dhidi ya ndui. Alikuwa mwanasiasa mwenye akili kali. Biblia yetu imejaa wafalme wa namna hii, wenye ujenzi mkubwa na damu nyingi mikononi. Haituficha dhambi za Daudi, wala haimfuti Daudi kwa sababu ya dhambi zake. Vijana waliofundishwa kuisoma Biblia hivyo wanaweza kusikia habari za Msiri vilevile.

Mkifika: salamu kwanza

Mkishuka, vumbi likipanguswa, kazi ya kwanza ni salamu. Kiongozi mmoja aseme kwa niaba ya wote. Fuateni mtakavyoelekezwa. Kuinama na kupiga makofi polepole mbele ya mkubwa ni heshima ya huku kwetu. Mkristo haabudu mtu kwa kufanya hivyo. Zawadi ndogo, kama sukari, sabuni au kitambaa, inatosha ikitolewa kwa mikono miwili. Picha zipigwe baada ya kuomba ruhusa.

Baadhi ya wazazi hutuuliza kama ni vema vijana wa kanisa wasimame kwenye makaburi ya wafalme. Tunawajibu hivi: kusimama penye kaburi na kusikia historia si tambiko. Ikitokea mwaliko wa kufanya jambo ambalo dhamiri ya Mkristo haikubali, kiongozi aseme hapana kwa upole, bila dharau na bila mahubiri. Wazee wanaelewa. Wengi wao ni waamini pia.

Adhuhuri: mmisionari aliyengoja ruhusa

Wakati wa kula chini ya mti, simulieni habari za Frederick Stanley Arnot. Alizaliwa Glasgow, Scotland, mwaka 1858. Utoto wake aliupitisha kwa muda Hamilton, ulikokuwa nyumbani kwa familia ya David Livingstone, na hadithi za Livingstone zilimshika moyo. Alifika Afrika mwaka 1881, akakaa kwanza Barotseland kwa mfalme Lewanika, kisha akavuka hadi Benguela, na kutoka Bihe akachukua njia ya mashariki kuja Katanga. Ndiyo njia ile ile waliyopitishwa watumwa, ila yeye aliifuata kwa kuelekea kinyume. Tarehe 14 Februari 1886 aliingia Bunkeya.

Hebu vijana watazame jinsi alivyoingia. Hakuwa na askari. Hakuwa na serikali nyuma yake, wala shirika kubwa la kumlipa mshahara. Alitoka kwa makanisa ya Ndugu, waliotegemea sadaka na maombi. Msiri hakumpokea siku ile ile. Alimweka angoje, waganga wake wachunguze kama moyo wa mgeni huyu ni mweupe kama ngozi yake. Baadaye ndipo alipoitwa, akakaribishwa, akapewa mahali pa kujenga.

Arnot alikaa Bunkeya miaka miwili, muda mwingi akiwa peke yake, akiugua homa mara kwa mara. Aliwachukua nyumbani kwake watoto waliotupwa na biashara ya utumwa. Hakuona umati ukiokoka. Mwishoni mwa 1887 walifika wenzake wawili, Charles Swan na William Faulknor wa Kanada, naye akaondoka mwaka 1888. Mwaka 1890 wakaja wengine, akiwemo kijana wa miaka 20 hivi, Dan Crawford.

Vijana wetu wengi husikia mjini kwamba Ukristo ni dini iliyoletwa na mkoloni. Kwa Katanga, tarehe zinasema jambo tofauti. Injili ilifika Bunkeya mwaka 1886. Bendera ya Leopold ilisimamishwa hapo Desemba 1891. Kwa karibu miaka sita Neno la Mungu lilikaa Katanga chini ya mfalme Mwafrika, kwa ruhusa yake, mikononi mwa wageni wasio na nguvu ambao angeweza kuwafukuza asubuhi yoyote. Jina la ufalme ule, Garenganze, bado ni jina la kanisa katika Katanga hadi leo.

Alasiri: Desemba 1891

Kisha nendeni penye kumbukumbu za Msiri, na hapo simulieni kifo chake. Simulieni polepole.

Habari za shaba ya Katanga zilikuwa zimefika Ulaya. Katika muda wa miezi 13 hivi, misafara minne ilikuja Bunkeya ikitaka mkono wa mfalme. Novemba 1890 alikuja Alfred Sharpe, Mwingereza, kwa niaba ya kampuni ya Cecil Rhodes, akiwa na karatasi ya mkataba. Msiri alikataa. Aprili 1891 alikuja Paul Le Marinel, aliyetumwa na dola ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Wabelgiji. Msiri hakukubali bendera, na Le Marinel akaacha kituo huko Lofoi. Oktoba akaja Alexandre Delcommune. Msiri akakataa tena. Tarehe 14 Desemba akafika William Stairs, mzaliwa wa Halifax, Kanada, akimtumikia Leopold. Msafara wake ulikuwa na mamia ya wapagazi na askari, wengi wao waliandikwa Zanzibar na pwani. Kwa hiyo hata Kiswahili, lugha hii tunayoimbia na kuhubiria, kilikuwapo pande zote mbili siku zile: kwa wafanyabiashara wa mfalme na kwa waliobeba bunduki za wageni.

Wakati huo Bunkeya ilikuwa imekwisha kudhoofika. Wasanga walikuwa wameasi kwa sababu ya mateso, njaa ilikuwa ikiingia, na baruti ilikuwa haba. Stairs alisimamisha bendera bila idhini ya mfalme. Msiri akaondoka kwenda Munema, kijiji chake chenye boma. Tarehe 20 Desemba Stairs akamtuma Kapteni Omer Bodson na askari wamlete. Maneno yakawa makali. Bodson akampiga Msiri risasi, akafa. Watu wa Msiri nao wakampiga Bodson, naye akafa. Mmoja wa Wazungu wa msafara ule aliandika kwamba kichwa cha mfalme kilikatwa na kuwekwa juu ya mti ili watu waogope. Wazao wake wangali wanaulizia kichwa hicho.

Mwanawe, Mukanda Bantu, alikubali bendera akapewa sehemu ndogo ya nchi ya baba yake. Njaa ikaua watu wengi, wa mji na wa msafara. Stairs mwenyewe alikufa kwa homa mwaka 1892 akiwa njiani kurudi, huko Chinde, pwani ya Msumbiji. Watu wa Bunkeya wakatawanyika. Miaka 15 baadaye, mwaka 1906, Union Minière ikaundwa, na kutoka hapo ndipo miji yetu ya shaba ilipozaliwa, Likasi ikiwemo, iliyoitwa Jadotville hadi 1966.

Swali litakaloulizwa: je, wamisionari walimuuza mfalme?

Jiandaeni, maana kijana mmoja ataliuliza tu. Msimkaripie. Ni swali la haki, na jibu lake lina pande mbili.

Upande wa kwanza: hawakumuuza. Walikaa kwake kama wageni wake. Hawakuwapo Munema siku ile. Hawakutuma askari, na wala hakuna shaba waliyojichukulia.

Upande wa pili: hawakuwa nje ya mambo. Wao ndio waliojua kusoma na kuandika barua za Wazungu, kwa hiyo maneno kati ya mfalme na wageni yalipita mikononi mwao. Waliandika habari za ukatili wa Msiri, nyingi za kweli, na waliotaka nchi yake wakazitumia maandishi hayo kama sababu njema ya kuja na bunduki. Kufikia mwisho wake, Crawford na mwenzake walikuwa wamehamia Lofoi, karibu na kituo cha dola ya Leopold. Dola hiyo, iliyokuja ikisema inakomesha utumwa, ndiyo iliyowakata watu mikono kwa ajili ya mpira sehemu nyingine za Kongo.

Kwa nini tuwaambie vijana upande huu wa pili? Kwa sababu swali hilo halijazikwa na Msiri. Sisi ni kanisa la mji wa madini. Hata leo wanakuja wenye karatasi za kutia sahihi, mashamba yanapimwa, vijiji vinahamishwa, malori yenye madini yanapita mbele ya milango yetu usiku na mchana. Mchungaji ndiye mara nyingi anayejua kusoma karatasi hiyo kijijini. Na wakati mwingine anayekuja na karatasi anakuja pia na mabati ya kanisa. Kijana aliyesimama Bunkeya na kuelewa kwamba mtumishi mwaminifu anaweza kukaa karibu mno na wenye nguvu bila kukusudia ubaya, huyo ataisoma karatasi mara mbili.

Kisha waambieni kilichofuata, maana hadithi haikuishia kwenye damu. Dan Crawford alikwenda hadi Ziwa Mweru akajenga Luanza, na watu waliotawanywa na vita na njaa wakamfuata. Walimwita Konga Vantu, mkusanya watu. Alikaa zaidi ya miaka 20 kabla ya kurudi kwao hata mara moja kutembea, akafanya kazi ya kutafsiri Biblia katika lugha ya Luba-Sanga, akafa huko huko mwaka 1926. Na wapo waliouzwa utumwani hadi Angola, wakasikia Injili kule, wakarudi Katanga wakiwa wainjilisti. Majina ya wengi wao hayakuandikwa vitabuni, lakini makanisa yetu yamesimama juu ya kazi yao. Njia waliyoipita na minyororo waliirudia na Neno.

Njia ya kurudi: nani mgeni, nani mwenyeji?

Jua likianza kuteremka, hesabuni watu na mwondoke; barabara ile si ya usiku. Ndani ya basi vijana watachoka, wengine watalala. Walioko macho, waulizeni swali moja: katika hadithi hii, nani alikuwa mgeni?

Msiri alikuwa mgeni kutoka Unyamwezi. Arnot alikuwa mgeni kutoka Scotland. Watu wa Stairs walikuwa wageni kutoka Zanzibar. Na Wayeke leo? Lugha yao ya kwanza, ya huko mashariki, karibu imepotea. Wameoana na wenyeji, wanasema Kisanga, na hakuna anayeweza kueleza Katanga bila wao. Kisha tazameni viti vya basi letu wenyewe. Babu zetu wengine walikuwapo kabla ya Msiri. Wengine waliletwa na kampuni ya madini na reli kutoka Lomami, Kasai, Rwanda, Burundi na Zambia ya leo. Basi moja, kwaya moja, na kila ukoo ulifika kwa siku yake.

Likasi inajua gharama ya kusahau jambo hilo. Mwaka 1992 watu wa Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa hapa, walifukuzwa majumbani mwao kwa maelfu. Walilala siku nyingi kwenye stesheni ya treni wakingoja mabehewa ya kuwapeleka kwenye nchi ambayo watoto wao hawakuwahi kuiona. Wengine walifia hapo hapo na njiani. Waliochochea walitumia historia: nani alitangulia, nani ni mwana wa nchi. Historia ya nusu iligeuzwa kuwa panga.

Kwa hiyo kiongozi awe mwangalifu na ulimi wake Bunkeya. Ukimsimulia Msiri kama shujaa tu, kijana Msanga aliyesikia kwa bibi yake habari za watu waliouzwa atanyamaza na kuumia. Ukimsimulia kama mchinjaji tu, kijana Myeke ataona babu yake ametukanwa mbele ya wenzake. Ukisema mambo yote mawili, kila mmoja atapata mahali pa kukaa, na kila mmoja atapata pia jambo la kumnyenyekeza. Walawi sura ya 19 inaagiza mgeni anayekaa kati yetu apendwe kama mwenyeji, na sababu inayotolewa ni kumbukumbu: Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Anayekumbuka vizuri safari ya wazee wake hushindwa kumfukuza jirani.

Baada ya safari

Jumapili inayofuata, msiwaache vijana na picha za simu tu. Wapeni dakika 20 ibadani au katika Shule ya Jumapili waeleze walichosikia. Halafu kila kijana apewe kazi moja: aende kwa mzee mmoja wa ukoo wake, amwulize, "Sisi tulifikaje Katanga? Nani alitupokea?" Aandike jibu kwenye daftari. Wazee wetu wanaondoka, na wakiondoka wanakwenda na majibu hayo.

Katika Yoshua sura ya 4, Mungu aliagiza mawe 12 yatolewe mtoni na kusimamishwa, ili siku watoto watakapouliza maana yake wapate kuelezwa. Bunkeya ni mojawapo ya mawe ya Katanga. Tukiwapeleka watoto wetu pale, wanastahili jibu kamili, pamoja na sehemu inayotuuma. Neema ya Mungu ilitufikia katika hadithi hiyo hiyo, na haikungoja isafishwe kwanza.

Parokia zinazotaka kwenda mwaka huu zianze sasa: barua kwa wazee wa Bunkeya kwanza, basi baadaye. Mungu awatangulie njiani na kuwarudisha salama.